Mwaka Samaki Walipotuuma

Patron Chola amefia kitandani mwake, mzee wa kushiba, juu ya mashuka safi, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Naanza na hilo kwa sababu linaniudhi. Mtu aliyelala maisha yake yote chini ya waya za umeme alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kufa mapema, na hakufa. Walioumia ni wengine. Habari ilinikuta hapa Kabuta, upande wa Zambia, nikianua chisense, vile visamaki vyetu vidogo, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alisimamisha baiskeli barabarani akapaza sauti, "Mado, Patron amekufa!" Nikamjibu "Aksanti," nikaendelea kuanua. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Ni baada ya kusikia kwamba Feza naye atakuja kutoka Mwansabombwe ndipo nilipotafuta kitenge cha matanga. Nilikuwa sijamwona Feza miaka mingi, na kama kumwona kulitaka nikae nusu siku mbele ya picha ya Patron Chola, basi ningekaa.

Nyumba ya Patron ni ileile, kule Nchelenge, karibu na soko la Kashikishi. Wameipaka rangi ya kijani upande wa barabarani, na upande wa nyuma wameuacha hivyohivyo, jambo ambalo mwenyewe angelipenda. Sebuleni walikuwa wamesukuma makochi ukutani, yale yenye vitambaa vya kufuma, jeneza likawekwa katikati, na pembeni pake spika mbili kubwa za kutosha harusi. Wengine walipoingia waliangalia jeneza. Mimi niliangalia juu. Waya zilikuwa bado zinapita chini ya mabati, kutoka kwenye dari hadi kwenye nondo za dirisha, na kwenye maungio bado kulikuwa na ile mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa uzi wa nyavu, sasa imechakaa na kupasuka, na shaba inachungulia. Nilimkuta Feza amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani.

"Mado! Njo weye umekuwa mama munene hivi?" aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambamo "njo" ni "ndiyo".

"Na weye, yaya, meno yako ilibakia ku njia?"

Tulicheka hadi mama mmoja wa kanisani akatukodolea macho. Feza akanishika mkono kwa mkono wake wa kuume, ule wenye vidole viwili vilivyojikunja kuelekea kiganjani na havikunjuki, na mimi nikavishika vilevile kama nilivyovizoea zamani. Hatukuwa tumemaliza kuulizana habari za watoto pale pasta alipochukua kipaza sauti. Alisema marehemu alikuwa mtu wa maendeleo. Alisema ndiye aliyeleta umeme kwa Wakongomani wa mtaa ule, wakati wengine walikuwa wanawasha mishumaa. Kisha akafika kwenye kisa cha uani kwetu, lupango kama tunavyopaita, na cha umeme, courant kama tunavyouita: "Kulikuwa dada mumoja mu hii lupango, courant ilimukamata. Batu bote balikimbia! Nani alimuokoa? Ni Patron Chola!" Watu wakaitikia amina. Feza alikuwa anaangalia vidole vyake. "Ni miye ule," akaninong'oneza, kana kwamba mimi ningeweza kumfikiria dada mwingine.

Mwaka ule nilikuwa msichana mkubwa, nimevuka kutoka upande wa Kongo na beseni moja na blanketi. Habari za ukoo wangu naziacha, hazina kazi hapa. Nyuma ya nyumba ya Patron kulikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha, vya sisi wanawake wa samaki tuliotoka Pweto na kwingineko, na mimi nilikaa chumba kimoja na Feza. Alikuwa amenizidi umri kidogo, ndiyo maana nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Kuta za vyumba hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuambia pole. Feza alikuwa anapasua samaki kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kazi yake ya moyoni ilikuwa kusuka nywele. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Wake za Wazambia wa jirani walikuwa wanakuja kukaa mlangoni kwetu, wanampa vichwa vyao, na yeye anawachekesha kwa Kibemba alichojifunza hapohapo kwenye vichwa vyao. Alikuwa na mpango mmoja tu duniani, nao ni kufungua chumba cha kusukia Lubumbashi, chenye kioo kikubwa na kiti cha kuzunguka. Alikuwa anakizungumzia kile kiti wakati wa kula, wakati wa kuosha samaki, na hata akiwa chooni.

Patron naye. Jina la Patron alijipa mwenyewe, na alikuwa anakataa kuitikia jingine. Alikuwa Mkongomani kama sisi, aliyetangulia kuvuka, akajenga mapema, na tangu hapo akawa anatuambia sisi wengine jinsi dunia inavyokwenda. Kwenye mfuko wa shati alikuwa anabeba ile bisibisi ya kupimia umeme, yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, na aliipanga hivi kwamba kila mtu aione, kama daktari na kalamu yake. Alidai alifanya kazi kwenye karakana Lubumbashi. Alifanya kazi gani huko hakusema, na kwa jinsi nilivyoona kazi yake nadhani alikuwa anafagia. Ndiye aliyevuta waya kutoka nyumbani kwake hadi kwenye vyumba vyetu. Pale waya ilipokuwa fupi aliimenya kwa meno, akaisokota na nyingine, akafunika kwa mfuko wa plastiki uliokuwa na chumvi, akafunga kwa uzi wa nyavu, akasimama nyuma kidogo na kuitazama kwa furaha. Swichi kubwa ya kuzimia umeme wote aliiweka chumbani kwake, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba. Akikukasirikia, anazima. Huo ndio umeme aliotuletea.

Sasa nieleze habari ya samaki, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa upumbavu wetu, na wetu pia ulikuwapo. Miezi ya mvua hakuna jua la kukaushia. Wale samaki wapana tunaowaita pale tulikuwa tunawapasua, tunawatia chumvi, na kuwatundika ndani ya chumba, juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Kila mwanamke alikuwa na kulabu zake za spoki za baiskeli, zilizokunjwa huku na huku, upande mmoja unashika samaki, upande mwingine unashika kamba. Na kamba gani iliyokuwa imekazwa vizuri chumbani kuliko ile waya ya Patron, iliyopita kutoka ukuta huu hadi ule, juu kidogo ya vichwa vyetu? Mke wa Patron ndiye aliyeanza. Alitundika samaki wake kwenye waya ya jikoni kwake, na mumewe alimwona akasema ni akili. Tukamfuata. Mvua zilipokolea, kila chumba kilikuwa kimejaa samaki walioning'inia kwenye waya ya umeme kwa kulabu za chuma, wakidondosha maji ya chumvi, na kulabu zinakata ile plastiki ya waya taratibu, kila siku kidogo.

Ndipo samaki wakaanza kuuma. Unanyoosha mkono umgeuze, unashtuka hadi kwenye kiwiko. Tulikuwa tunaita vile, samaki wanauma, na tulikuwa tunacheka. Mwenzetu mmoja wa chumba cha tatu alisema ni wivu, kuna mtu kamwekea kitu kwenye biashara yake, na Patron, badala ya kuangalia waya, akamletea nabii mmoja wa kupitapita aliyekuja na chupa ya maji ya maombi, tayari kuyanyunyiza kwenye kuta zote. Lakini kwanza tulikwenda kwa Patron mwenyewe. Alikuwa barazani anakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na mgeni wake, akatusikiliza huku anamega tonge.

"Bamama, musiogope. C'est normal, ni kawaida tu. Ile courant iko nabasalimia tu."

"Inisalimie miye?" sauti ilitoka nyuma yetu. "Miye na courant tulijuana wapi?"

Huyo alikuwa Mama Ngoie. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu wa sauti nzito, mpangaji wa chumba cha mwisho, na alikuwa mtu pekee mle uani ambaye hakutundika samaki kwenye waya. Wake alikuwa anawakausha kwenye chanja ya mianzi, na chumba chake kilijaa moshi hata ukimtembelea unatoka unalia. Watu walimwona mkorofi, na alikuwa mkorofi kweli. Kila kitu alichokidharau alikidharau waziwazi, mchana, kwa sauti. Mimi nilikuwa nimelelewa kuinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote mwenye nyumba na kalamu mfukoni, na siku ile nilipomwona anamkatiza Patron na tonge lake mkononi, niliona aibu kwa niaba yake. Aibu ile ilinitoka mwaka uleule. Yule nabii alipofika na chupa, Mama Ngoie alimnyang'anya mlangoni akainywa yote, akamrudishia tupu. "Maji na courant mu nyumba moja," akamwambia, "unataka kutuombea ao unataka kutuzika?"

Jioni moja, wakati tunakula chumbani kwa Mama Ngoie, kila mtu anajifuta machozi ya moshi, Feza alimuuliza kwa utani kwa nini anaogopa waya kuliko nyoka. Mama Ngoie hakutaniana naye. Aliweka bakuli chini.

"Bwana yangu alishika mulango ya chuma, kule Likasi. Waya ilikuwa imevuliwa, inagusa mulango. Alipolia, ndugu yake akakimbia, akamukamata mukono, akamuvuta. Tulibazika bote siku moja."

Alikula kidogo, kisha akaanza kutunyooshea kidole, mimi na Feza, mmoja mmoja, kana kwamba tumekataa kitu.

"Mutu akikamatwa na courant, usimuguse. Hata kama ni mutoto wako wa tumbo. Kwanza, kata courant yote. Ukishindwa kuikata, kamata kijiti, mwichi, kitu kikavu, na weye usimame pakavu, umusukume. Na ile waya yenyewe, haiko kamba. Ikivuliwa nguo haifungwe na mufuko wa chumvi. Unazima, unakaa mu giza, unaita fundi mwenye makaratasi, analeta ingine mupya. Mutu anakausha samaki ku courant, atakauka yeye kwanza, samaki nyuma. Munasikia?"

"Tunasikia, mama."

"Munasikia na masikio tu," alisema, akachukua bakuli lake.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kesho yake samaki walikuwa bado wananing'inia. Tungewapeleka wapi? Mvua ilikuwa hainyamazi. Ila Feza alikuwa ameanza kuogopa kidogo, na hofu yake ndogo ndiyo iliyomfanya aulize siku ile kabla ya kushika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jana yake, kama ulivyokuwa unakatika mara kwa mara. Asubuhi boti la Kilwa, Kilwa ya ziwa letu, lilileta samaki wa pale wengi, wanono, na mimi na Feza tulipasua na kutia chumvi hadi sakafu yote ikawa maji. Tulikuwa peku. Taa yetu ilikuwa imeungua, kwa hiyo hatukuwa na cha kutuonyesha kama umeme umerudi. Patron alikuwa anapita uani, na Feza akamwita.

"Patron, courant imerudia? Nataka kutundika samaki."

Basi aliingia. Bado namwona: suruali yenye mkunjo, viatu vya ngozi vikavu, pua imekunjwa kwa harufu ya samaki waliomlisha. Akatoa bisibisi mfukoni, akaibandika kwenye waya pale shaba ilipoonekana, akaweka kidole nyuma yake kama fundi wa kweli. Kitaa hakikuwaka. Kile kitaa hakikuwa kimewaka tangu nilipohamia pale, na sijui kama kiliwahi kuwaka maishani mwake. Kilikuwa kibovu. Ilitosha siku moja tu akipime mahali anapojua umeme upo, lakini mtu kama Patron hapimi kitu ambacho tayari kinampa heshima.

"Unaona? Hakuna courant. Tundika samaki yako, mama, usichelewe."

Nje, Mama Ngoie alikuwa anajaza chisense kavu kwenye gunia chini ya ukingo wa bati, na yeye alisikia kitu ambacho sisi hatukukisikia: redio ya nyumba ya ng'ambo ya barabara imeanza kuimba. Alipiga kelele, "Feza, acha! Radio ya kule inalia! Courant iko!" Alipokuwa anamaliza kusema, Feza alikuwa ameshanyoosha mkono wa kuume uliojaa maji ya chumvi, ameshika kulabu na waya pamoja. Hakupiga kelele. Alitoa sauti fulani puani, mkono ukajifunga, mwili wote ukawa unatetemeka chini ya wale samaki, na wao wanatetemeka naye. Niliruka kumkamata. Sikufika, kwa sababu Mama Ngoie alikuwa mlangoni na mchi wa kutwangia mihogo, na kipigo cha kwanza cha mchi ule kilinipata mimi, begani, kikanitupa ukutani.

"Usimuguse! Enda kuzima!"

Akalisukuma lile gunia la chisense kavu sakafuni, akapanda juu yake, akamsukuma Feza kwa ncha ya mchi, kwenye kwapa, kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi mkono ukaachia na Feza akaanguka majini na nusu ya samaki wakaanguka juu yake. Waya ilibaki inabembea. Jirani mmoja wa Kizambia alikuwa amefika mlangoni analia, "Mwe bantu, alefwa!" yaani jamani anakufa, na Mama Ngoie akasimama katikati na mchi ameunyoosha ili mtu yeyote asiingie mle na waya inabembea vile.

Na mwokozi wetu? Patron Chola alikuwa wa kwanza kutoka. Alinipita mimi ukutani, alimpita Mama Ngoie mlangoni, na nilipokimbia nyumbani kwake kwenda kuzima nilimkuta mbele ya chumba chake anageuza mito ya makochi. "Ufunguo! Nani amekamata ufunguo?" alikuwa anasema. Ulikuwa shingoni mwake, unagonga kwenye msalaba kila alipoinama. Niliivuta kamba ya ufunguo ikakatika, nikafungua kisanduku, nikateremsha swichi, nikafunga tena kwa kufuli. Nilikuwa bado mtoto wa kuinamisha kichwa, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwekea mtu mzima mkono shingoni, nami nilifurahi. Hata leo nikikumbuka nafurahi.

Nilipopiga kelele kwamba umeme umezimwa ndipo Mama Ngoie alipopiga magoti kwenye yale maji. Feza alikuwa anapumua. Tulimfunga kwa kitenge kwenye baiskeli ya mbeba samaki, mmoja akasukuma, wengine tukamshika huku na huku, hadi hospitali. Alirudi baada ya wiki kadhaa na mkono umefungwa, na walipoufungua, vidole viwili vilikuwa vimekwisha kujikunja. Nilimwona akijaribu. Aliniketisha mlangoni, akagawa nywele zangu, akaanza kusuka, na nikasikia vile vidole vinanikwaruza kichwani bila kushika. Alirudia na kurudia. Halafu akasema nywele zangu ni mbaya, akaingia ndani. Habari ya kiti cha kuzunguka hakuitaja tena, na mimi sikuwa na moyo wa kumuuliza.

Patron alikuja kumpa pole na mkate wa duka. Alisema ni mapenzi ya Mungu, na alisema c'est normal, courant ina siku zake. Alitaka ufunguo wake. Ulikuwa kwa Mama Ngoie, umefungwa kwenye pindo la kitenge, kwa sababu mimi nilikuwa nimempa. "Utaukamata," alimwambia, "siku fundi mwenye makaratasi atatoka Mansa na kutoa hii matumbo yako ya waya yote mu manyumba yetu." Uani palikaa giza. Mke wa Patron alitutukana, wapangaji wengine wakanung'unika, Patron akatishia kututoa, lakini Mama Ngoie alikuwa amewazunguka wanawake wote, chumba kwa chumba, akateremsha samaki wao kwa mkono wake na kuwafundisha kufunga chanja za mianzi, na hakuna aliyethubutu kutundika tena. Mwisho fundi alikuja. Aling'oa kila kitu, akaweka waya mpya ndani ya mabomba, na swichi ya vyumba vyetu akaiweka nje, mahali mtu yeyote anafika. Ila nyumba ya mbele Patron alimkataza kuigusa. Alisema hawezi kuvumilia mgeni kupanda kwenye dari ya mtu anayejua kazi.

Ndiyo maana, baada ya miaka yote hii, nilikuwa nimekaa chini ya waya zilezile namsikiliza pasta. Mama Ngoie alikwisha kufa, na kwenye matanga yake hapakuwa na spika. Mvua ilianza kunyesha kwenye mabati, na watoto waliokuwa uani wakakimbilia ukutani, wakashika nondo za dirisha ili waone ndani. Maji yalikuwa yanateremka kutoka darini, yanafuata waya, yanaingia kwenye yale maungio, yanadondoka kwenye nondo. Msichana mmoja mdogo aliachia ghafla akajitazama kiganja. "Mama," alisema, "dirisha inaniluma." Wenzake wakacheka, wakaanza kuligusa kwa zamu ili waone kama litawauma nao.

Feza alinishika goti. Niliinuka, nikapita mbele ya wakubwa wa kanisa, nikamwendea Prosper, mtoto wa kwanza wa Patron, aliyekaa karibu na jeneza amevaa koti la baba yake.

"Prosper, batoto bako nashika dirisha, na courant iko mu dirisha. Zima kwanza."

"Mama Mado, pasta eko nasema. Tukizima, nani atamusikia?"

"Batoto bako narushwa!"

"C'est normal, mama. Ni mvua." Akaona sitoki. Akapumua kama mtu anayechoshwa na wanawake, akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile koti, akatoa bisibisi. Ileile. Mpini wake ulikuwa umekuwa wa njano. Alinyoosha mkono juu, akaibandika kwenye shaba, akaweka kidole nyuma, na kitaa hakikuwaka. "Unaona?" aliniambia, akilazimika kupaza sauti kwa sababu spika, zilizokuwa zimeungwa kwenye waya hiyohiyo, zilikuwa zinamsifu baba yake hadi mabati yanatikisika. "Hakuna courant!"

Niligeuka kumtafuta Feza na mkeka ulikuwa mtupu. Alikuwa ameshaingia kwenye kile chumba cha Patron. Kisanduku cha mbao bado kiko palepale, kufuli lake limepata kutu na kuanguka. Nilimwona amesimama juu ya zulia kavu, anajifuta mkono wa kushoto kwenye kitenge, taratibu, kidole baada ya kidole. Kisha akateremsha swichi.

Spika zilinyamaza. Taa zilizimika. Mdomo wa pasta uliendelea kidogo peke yake, halafu nao ukafungwa, na watu wote wakageuka kumwangalia Prosper, ambaye alikuwa bado amesimama na mkono juu, bisibisi imegusa waya.

"Sasa njo hakuna courant," Feza alimwambia.

Prosper akataka kumpita aende kuwasha. Feza hakusogea. Aliinua ule mkono wa kuume, wenye vidole viwili vilivyokunjwa, akauweka juu ya kisanduku, akamwomba pasta aendelee kusimulia jinsi yule dada alivyookolewa.